Nani Atamwosha Mwalimu

Mzee Shariff aligonga mlango kwa bakora yake asubuhi ileile ambayo Mwalimu Rukaya alikuwa ameamua kustaafu kila kitu. Sanduku lake la bati lilikuwa limeshafungwa kamba na kusogezwa mlangoni. Binti yake Waridi, naibu wa mkuu wa shule ya wasichana kule Nanyuki, alikuwa amefika jana yake kumchukua, maana ulikuwa mwezi wa Agosti na shule zimefungwa. Gari lingekuja saa nane mchana. Rukaya alikuwa na miaka sitini na sita, magoti yake yalilia kama bawaba zisizotiwa mafuta, na mji wa Nyeri alikuwa ameutumikia ukatosha.

"Subira ametangulia," Mzee Shariff alisema. Hakuingia ndani, alibaki kwenye manyunyu na kofia yake imelowa. "Alfajiri hii. Kamati imeketi, ikaonelea Mwalimu aarifiwe."

Kamati ya msikiti ilikuwa hodari wa kuketi. Katika miaka yote aliyoifahamu, Rukaya hakukumbuka siku ambayo iliwahi kusimama. Lakini leo hakuwa na nguvu za kumtania mzee wa watu. Alishika mwimo wa mlango na kusoma ile dua ya msiba, na alipofika mwisho akaona kwamba hajasikia neno hata moja la alichosoma.

"Nani ataosha?" aliuliza, ingawa alijua.

"Si ni wewe, Mwalimu? Wewe na..." Mzee Shariff aliikung'uta kofia yake maji. Jina la pili alilozoea kulitaja kwa miaka thelathini lilikuwa la marehemu.

Alipokwenda zake, Rukaya aliketi juu ya sanduku lake. Waridi alitoka chumbani, kitambaa cha kichwa mkononi, akasema pole, akamshika mama yake bega. Kisha akasema kile ambacho mtu mwenye mipango mizuri husema.

"Mama, si tuite akina mama wa Nanyuki? Wako wengi kule wanajua hiyo kazi. Tutume gari."

"Subira alale akingoja gari la Nanyuki? Na mimi niko hapa nimekalia sanduku?"

"Lakini umechoka, Mama. Mikono yako hata kikombe inaangusha."

"Nimechoka," Rukaya alikubali. "Nimechoka mpaka kuchoka kwenyewe kumenichosha. Nipe viatu vyangu."

Kusema kweli alikuwa amechoka tangu zamani, ila hakuna aliyewahi kumuuliza. Baba yake, Mzee Feruzi, alifika Nyeri akiwapikia Wazungu waliokuja kupima ardhi, akaoa msichana wa Tetu aliyesilimu, akajenga nyumba ya udongo pale mtaa wa Majengo. Kusoma hakujua, na ndiyo maana alimpeleka Rukaya shule ya misheni akiwa na miaka tisa. Wenzake kibarazani walimcheka. Mtoto wa kike akijua kuandika, walisema, atamwandikia nani barua isipokuwa mabwana? Mzee Feruzi aliwajibu kwamba heri mabwana wake wapate barua zisizo na makosa. Rukaya alisoma madarasa manne, kisha nauli na subira ya misheni vikaisha siku moja.

Kwa madarasa hayo manne alifundisha watoto miaka thelathini na sita. Aliolewa na Salim, fundi cherehani, wakapata watoto sita, wakazika wawili, wakasomesha wanne. Ulipokuja Uhuru na Harambee alibeba mawe ya kujenga shule ya upili pamoja na akina mama wa kanisa, wao wakiimba nyimbo zao na yeye akiitikia pale asipoona dhambi. Jioni alifundisha ngumbaru. Wanawake wa sokoni walikuja na watoto mgongoni na mikono yenye harufu ya vitunguu, wakajifunza kuandika majina yao. Mmoja wao, Wachuka muuza viazi, alipoandika jina lake kwa mara ya kwanza alilia, akabana karatasi kifuani, akakataa kuirudisha. Rukaya aliipenda kazi hiyo kuliko zote. Hata hivyo ilimla mgongo, ikamla macho, na hakuna aliyemwambia basi sasa pumzika.

Kisha kulikuwa na kazi ya kuosha.

Waislamu wa Nyeri hawakuwa wengi, na wanawake waliokubali kuosha maiti walikuwa wachache zaidi. Bibi mmoja mzee ndiye aliyekuwa akiifanya, na mwaka wa hamsini na sita, alipoona nguvu zinamtoka, aliwaita Rukaya na Subira akawafundisha. Mmoja aoshe, mwingine amwage maji. Tangu hapo kila mwanamke wa Majengo aliyefariki alipita mikononi mwao. Bibi huyo aliwapa sharti moja lililokuwa zito kuliko maji yote: mwoshaji akiona kitu kwenye mwili wa maiti, hakuona. Hamwambii mume, hamwambii mwana, hata na mwenzake aliyeona naye hakizungumzii. Rukaya alikuwa ameona mengi. Aliona mbavu zilizovunjika za mke wa mtu mwenye heshima. Aliona tumbo la msichana ambaye wazazi wake walisema ameuawa na malaria. Yote aliyafunga, akaenda nyumbani, akaoga, akasahihisha madaftari.

Watoto wake walipokuwa wadogo walitaka kumfuata, kama watoto wanavyotaka kufuata kila kitu. Aliwarudisha. "Fungeni mlango, someni," aliwaambia. Hakutaka binti zake wawe wanawake wa kuitwa mtu anapokufa. Alitaka wawe wanawake wa kuitwa madam. Mungu alimsikia. Watoto wanne, wote wana vyeti, wote wako mbali, na hakuna hata mmoja aliyejua maji ya kwanza humwagwa wapi. Siku hizi alipolala akiwaza jambo hilo alijiambia kinyozi hajinyoi, kisha akakosa usingizi. Alikuwa ameosha mama za watu wote. Yeye nani angemwosha?

Alikuwa amejibu swali hilo kimoyomoyo kwa jina moja tu, la Subira. Subira alikuwa mdogo wake kwa miaka minane. Ilikuwa hesabu nzuri, na leo alfajiri ilikuwa imeharibika.

Nyumba ya Subira ilikuwa mwendo mfupi, lakini kwa magoti yale ilikuwa safari. Mlima haukuonekana, ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye mabati. Uani walimkuta Gaudencia, jirani wa Subira, mke wa polisi, Mkatoliki kutoka Bungoma, amejifunga leso na anapuliza moto chini ya sufuria kubwa.

"Mwalimu, pole sana. Maji iko tayari," alisema. "Sufuria mbili, na ingine iko kwa moto. Hii baridi ya Nyeri, mama wa watu hawezi kuogeshwa na maji baridi, hata kama yeye amekufa."

"Mungu akulipe, Gaudencia."

"Ningeingia nikusaidie, lakini wamesema mimi si wa dini."

"Umesaidia kuliko wa dini," Rukaya alisema, na alisema kwa sauti ili wa dini wasikie.

Wa dini walikuwa sebuleni, wanawake kumi na mmoja, wameketi mkekani na misahafu mikononi. Wengi wao aliwafundisha alifu na a-e-i-o-u. Rukaya alisimama mbele yao kama alivyosimama mbele ya madarasa thelathini na sita.

"Mwoshaji mmoja hatoshi," alisema. "Nani anaingia na mimi?"

Msomaji wa Yasini aliinamisha uso karibu na kitabu ghafla, utadhani herufi zimepungua ukubwa. Mwingine akasema ana mimba, jambo ambalo mumewe, aliyekuwa nje, angelisikia kwa mshangao. Watatu walikuwa na udhuru wa mwezi, siku moja, wote. Binti mmoja mwenye jina kama la Mwalimu, mhasibu wa ofisi ya kahawa, alisema kweli: "Mwalimu, mimi naogopa. Nisamehe." Huyo peke yake ndiye ambaye Rukaya hakumkasirikia.

Ndipo Waridi alipofungua mkoba wake akatoa daftari na kalamu.

"Mama, nina wazo," alisema kwa ile sauti yake ya mkutano wa walimu. "Wewe tuelekeze hatua moja moja kutoka hapa, mimi niandike. Nitapiga chapa, kila mmoja apate nakala yake. Hivyo hata siku nyingine watu hawatahangaika."

Wanawake kumi na mmoja waliitikia kwa furaha kubwa. Wazo lilikuwa zuri mno, maana halikumtaka yeyote kuinuka mkekani.

Rukaya aliliangalia lile daftari. Lilikuwa la kurasa tisini na sita, jalada la buluu, na juu yake Waridi alikuwa ameshaandika kichwa cha habari na kukipigia mstari kwa rula. Hasira ilimpanda, na nyuma ya hasira kulikuwa na aibu, kwa sababu mwandiko ule ulikuwa wake. Yeye ndiye aliyemfundisha kupiga mstari kwa rula. Yeye ndiye aliyefunga mlango.

"Waridi," alisema. "Subira amelala hapo ndani. Alikubeba ulipokuwa na surua, ukamtapikia. Utamwandikia barua?"

 Waridi alitazama pazia la chumba cha ndani. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na miwili, mbele yake wasichana mia tano walinyamaza akikohoa, na sasa alirudi nyuma hatua moja.

"Siwezi, Mama. Sijawahi kumgusa mtu aliyekufa."

"Najua. Mimi ndiye niliyekuzuia. Nilikosea. Vua saa, kunja mikono, njoo."

Waridi aliweka daftari juu ya meza, akavua saa, akakunja mikono ya gauni. Akaingia.

Chumba kilikuwa kidogo na kimefukizwa udi. Subira alilazwa juu ya kitanda cha mbao cha msikiti, amefunikwa kuanzia kifuani hadi magotini, na uso wake ulikuwa na ile dharau kidogo aliyokuwa nayo hata akiwa hai, ya mtu anayesubiri wengine wamalize kupiga kelele. Rukaya alijifunga kitambaa mkononi.

"Usimtazame zaidi ya inavyobidi," alisema kwa sauti ya chini. "Usimfunue. Mkono wangu unapita chini ya nguo, wewe unamwaga. Pole pole. Usimmwagie kama unayemwagilia maua. Yeye ni mtu."

Waridi alimwaga. Mara ya kwanza maji yalitetemeka yakamwangukia Rukaya miguuni. Mara ya pili yalifika. Walimsafisha, wakamtawadha, kisha Rukaya akaonyesha kwa kidevu. "Sasa mwili. Anza na bega la kuume. Daima kuume kwanza, kisha kushoto. Mara tatu." Mikono yake mwenyewe ilikuwa ikimsaliti, vidole vimekakamaa, na kila alipoinama kiuno kilimchoma. Zamani Subira angemsukuma kando na kusema, kaa mama, umezeeka. Leo Subira alikaa kimya akaoshwa.

Mkono wa Rukaya ulipofika titi la kushoto ulisimama.

Aliinua pindo la nguo kidogo. Kulikuwa na uvimbe mgumu, mkubwa kama limau, na juu yake kidonda kilichofungwa kitambaa safi. Kitambaa chenyewe kilikuwa kimekunjwa kwa ufundi, kama kinachofungwa kila siku na mwenye kidonda mwenyewe. Subira alisema ugonjwa wake ni kikohozi. Mwaka mzima alisema ni kikohozi. Alikuja kwa Rukaya kila Ijumaa, akanywa chai, akacheka, akasema ni hii baridi tu.

Rukaya alikaa kwenye ukingo wa kitanda. Machozi yalimtoka bila ruhusa.

"Mama, ulijua?" Waridi alinong'ona.

"Hapana."

"Angetibiwa. Mbona hakusema? Angalau kwako wewe..."

"Nyamaza. Hukuona kitu. Ukitoka hapa, hukuona kitu. Hiyo ndiyo kazi, hayo maji ni kitu kidogo."

 Rukaya alikifungua kile kitambaa, akaosha kidonda taratibu kama kwamba bado kinauma, na moyoni alimlaumu Subira kwa maneno makali. Alimlaumu kwa sababu yeye, Rukaya, hakuwahi kumficha kitu.

Hilo lilikuwa jambo ambalo Waridi hakulijua. Mwaka wa hamsini na nne, wakati wa Hali ya Hatari ya wakoloni, Watiri binti wa mama yake mdogo alikuwa amefungiwa katika kijiji chenye handaki na miiba, na watoto wake wanavimba miguu kwa njaa. Rukaya alishona chumvi na kwinini kwenye pindo la gauni, akaenda. Mara mbili alipita. Mara ya tatu homugadi wa langoni, mwenyeji aliyewalindia Wazungu kijiji, alilipapasa pindo. Alilazwa kifudifudi mbele ya watu akapigwa kiboko mpaka akaacha kuhesabu. Subira ndiye aliyemleta nyumbani na kumsafisha mgongo kwa maji ya chumvi wiki tatu. Watoto waliambiwa mama ana homa. Mlango ukafungwa.

Zaidi ya Subira, Salim pekee ndiye aliyeambiwa, na Salim alikuwa kaburini mwaka wa nane sasa. Uhuru ulipokuja, watu wengi walikumbuka makovu yao, wengine hata ambayo hawakuwahi kuwa nayo, wakayapeleka kwa wakubwa kuomba mashamba. Rukaya hakupeleka yake. Homugadi yule alikuwa na mtoto, na mtoto huyo aliketi dawati la pili katika darasa lake, na alikuwa mzito wa hesabu. Rukaya alimfundisha kugawanya. Angemfundishaje, kama darasa zima lingejua? Akanyamaza mwaka ule, na mwaka uliofuata, na kunyamaza kukawa mazoea. Aliogea mlango umekomewa kwa miaka thelathini na mitatu.

"Tumsuke," alisema hatimaye. "Misuko mitatu, iangukie nyuma."

Hapo Waridi hakuhitaji kuelekezwa. Aliketi upande wa kichwa, akagawa zile nywele nyeupe mafungu matatu, akasuka kwa vidole ambavyo havikutetemeka tena. Walimmwagia maji ya mwisho yenye karafuu maiti, wakamkausha, wakamvisha sanda vipande vitano. Rukaya alipobusu paji la uso alisikia ile harufu kali aliyokwenda nayo nyumbani kwa watoto wake maisha yao yote.

Wanaume walimchukua baada ya swala ya adhuhuri. Gari la Nanyuki lilifika saa nane kama lilivyoahidi, na Waridi alitoka akamwambia dereva arudi kesho. Hakumuuliza mama yake. Daftari lake lilibaki kwa marehemu juu ya meza, na hakuna aliyekwenda kulichukua.

Mwoshaji akimaliza kuosha, naye huoga. Ndivyo Rukaya alivyofundishwa, na hata siku za mvua ya mawe hakuacha. Gaudencia alikuwa amemletea ndoo ya maji ya moto mpaka mlangoni, akasema, "Mwalimu, ukimaliza iko chai," kisha akaenda. Rukaya aliingia bafuni, kijumba cha mabati nyuma ya nyumba yake, akafunga mlango, akashika komeo.

Mkono haukutaka kusukuma. Alidhani ni vidole vyake vibovu. Akasukuma tena, na komeo likaenda nusu likasimama, naye akasimama nalo. Alimwona Subira na kitambaa chake kilichokunjwa vizuri, peke yake kila asubuhi katika chumba kile, akijifunga. Miaka thelathini na mitatu, aliwaza. Tumeficha nini, sisi wawili, na kwa faida ya nani? Alichoka, si kama alivyochoka asubuhi. Alichoka na mlango.

Akalirudisha komeo.

"Waridi!" aliita. "Njoo unimwagie maji. Mikono haiwezi."

Waridi alikuja mbio, akasita nje ya mabati. Katika maisha yake yote alikuwa hajawahi kuitwa huko. Akasukuma mlango kidogo, kisha ukafunguka.

Rukaya alikuwa ameketi kwenye kigoda na amempa mgongo. Alisikia kata ikiingia ndoo na kusimama humo. Alisikia pumzi ya mwanawe ikikatika. Aliujua mgongo wake kwa vidole tu, mitaro iliyopishana kutoka mabegani mpaka kiunoni, lakini sasa kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi aliujua kwa kimya cha mtu mwingine.

 Kisha maji ya moto yalishuka polepole juu ya bega la kuume, na mkono wa Waridi ukapita juu ya makovu kwa uangalifu mkubwa, bila kubonyeza, kama alivyofundishwa asubuhi ile. Kisha bega la kushoto.  Alikuwa mwanafunzi mwepesi tangu utotoni.

"Sikuona kitu, Mama," Waridi alisema mwishowe, na sauti yake ilikuwa imejaa kilio.

Rukaya alitikisa kichwa.

"Hilo ni la maiti," alisema. "Mimi bado niko hai. Niulize."